Mtoto Akae na Nani? Malezi, Chumba na Jiji katika Second-Class Citizen ya Buchi Emecheta

1. Utangulizi

Riwaya ya Second-Class Citizen ilichapishwa London mwaka 1974, miaka 2 baada ya In the Ditch, ingawa matukio inayoyasimulia yanayatangulia yale ya kitabu hicho cha kwanza. Mhusika wake mkuu ni Adah, binti wa Kiibo anayekulia Lagos. Adah anaipata elimu kwa ukaidi wake mwenyewe, anaolewa na Francis, na anaajiriwa katika maktaba ya ubalozi mdogo wa Marekani kwa mshahara unaowatunza mumewe na wakwe zake. Francis anatangulia Uingereza kusoma. Adah anamfuata kwa meli hadi Liverpool akiwa na watoto wawili wadogo, Titi na Vicky. London anazaa wengine wawili, anafanya kazi maktabani na kuandika muswada ambao mumewe anautia moto. Mwishowe anaondoka na watoto wanne akiwa na mimba ya tano. Mlingano kati ya maisha ya Adah na ya Emecheta mwenyewe, aliyezaliwa Lagos mwaka 1944, akahamia London mwaka 1962 na kufariki huko mwaka 2017, uko wazi kiasi kwamba wasomaji wengi wameichukua riwaya hii kuwa tawasifu iliyovikwa majina mengine. Makala haya hayatashughulika na suala hilo. Yatamtazama Adah kama mhusika na riwaya kama kazi iliyosukwa.

Uhakiki wa riwaya hii umeelekea zaidi kufuata njia mbili. Ya kwanza ni ya ufeministi: Adah ni mwanamke anayejikomboa kutoka kwa mume mkatili na mila zinazompa mume huyo nguvu. Ya pili ni ya ubaguzi wa rangi: Adah ni Mwafrika anayegundua kwamba hadhi aliyokuwa nayo Lagos haikuvuka bahari pamoja naye. Njia zote mbili zina ushahidi wa kutosha katika matini, na jina la riwaya lenyewe, linalomaanisha raia wa daraja la pili, linazibeba zote. Hata hivyo, zote zinawafanya watoto kuwa mzigo anaoubeba mhusika mkuu akiwa njiani kuelekea kwenye jambo lililo muhimu zaidi, yaani uhuru, utambulisho au uandishi.

Dai la makala haya ni kwamba msuko wa riwaya unasukumwa na swali moja la kila siku: mama akienda kazini, mtoto akae na nani? Kila jibu linalojaribiwa linaivunja familia mahali fulani na kuifungulia mlango mwingine wa jiji. Kwa njia hiyo Adah anawafahamu majirani zake, wanawake weupe maskini, hospitali, halmashauri, mwajiri wake na hatimaye mumewe. Tukilifuata swali hilo tunaona pia pale riwaya inapopungukiwa, kwa sababu watoto wanaoliibua swali hilo hawapewi nafasi ya kulijibu.

2. Kutoka nyumba ya wakwe hadi chumba cha Ashdown Street

Sura zinazohusu Lagos zinapita upesi, na wepesi huo una maana. Malezi ya Titi na Vicky hayasimuliwi kama tatizo kwa kuwa hayakuwa tatizo. Kulikuwa na mama mkwe, mashemeji na watumishi wa nyumbani, na Adah mwenye mshahara alitoka asubuhi na kurudi jioni bila kuuliza nani aliwaogesha wanawe. Msomaji wa Afrika Mashariki hatahitaji maelezo hapa. Nyumba ya namna hiyo haina mtu ambaye kazi yake rasmi ni kulea. Kila aliyemo ni mlezi kwa zamu isiyoandikwa. Kinachoonekana London tu ni kwamba utaratibu huo ulikuwa na gharama, na kwamba gharama hiyo ilikuwa ikilipwa kwa mshahara wa Adah. Wakwe walikubali kulea kwa sababu mkwe aliwalisha. Adah hasemi hivyo. Riwaya inaliacha jambo hili wazi kwa yeyote anayesoma sura ya pili sambamba na ya tatu.

Ashdown Street, katika eneo la Kentish Town, inayapunguza hayo yote hadi chumba kimoja. Hakuna bafu, na choo ni cha pamoja na wapangaji wengine. Chumba ndicho cha kulala, kupikia, kusomea na kulelea. Francis, anayepaswa kuwa anasoma, ndiye anayebaki na watoto siku za mwanzo Adah anapoanza kazi katika maktaba ya North Finchley. Hapo ndipo anapochoka na kuuliza ni nani atakayeendelea kumlelea mkewe watoto wake.

Swali hilo la Francis linastahili kutazamwa kwa makini kuliko kipigo chochote kinachofuata. Katika kinywa chake watoto si wa nyumba tena, ni wa mke. Mila anayoidai kila anapotaka kutiiwa inasema kinyume: watoto ni wa baba na wa ukoo wa baba. Francis anaishika mila pale inapompa mamlaka na kuiachia pale inapomdai kazi. Kiswahili kingelazimika kuonesha hili waziwazi kuliko Kiingereza, kwa kuwa baba anayesema “wanao” mbele ya mama wa watoto wake mwenyewe anatamka neno zito ambalo kwa kawaida husikika katika ugomvi. Riwaya nzima inaweza kusomwa kama safari ya kivumishi hiki kimoja cha kumiliki, kutoka “watoto wetu” wa Lagos, kupita “watoto wako” wa chumbani, hadi chumba cha mahakama tutakachokifikia baadaye.

Majirani wa Kinigeria wana jibu lao. Wengi wao wamewapeleka watoto wao nje ya jiji, kwa familia za wazungu zinazowalea kwa malipo, na wazazi huwatembelea wanapopata nafasi. Jambo hili si ubunifu wa mwandishi. Katika miaka ya 1950 na 1960 wanafunzi wengi kutoka Afrika Magharibi waliwaweka watoto wao kwa walezi wa aina hiyo, na matangazo ya kuwatafutia walezi yalichapishwa katika magazeti, likiwamo jarida la Nursery World. Msimulizi wa Emecheta analidharau zoezi hilo. Anaona ni kuiga, ni kuamini kwamba mlezi mweupe ni bora kuliko mama mweusi, na Adah anajitenga na wenzake kwa kukataa kuwatoa wanawe.

Katika hili msimulizi anawaonea majirani. Kumpeleka mtoto kwa shangazi, bibi au rafiki wa baba ni desturi ya kale katika sehemu nyingi za Afrika, Magharibi na Mashariki vilevile, na mzazi anayefanya hivyo haonekani kuwa amemtupa mwanawe. Wazazi wa Ashdown Street walichukua desturi waliyoijua na kuipeleka mahali ambapo ndugu aliyetakiwa kuipokea hakuwapo, nafasi yake ikajazwa na mgeni anayelipwa. Kosa, kama lipo, ni kudhani kwamba fedha ingefanya kazi ya undugu. Adah naye hayuko mbali na kosa hilo, kwani sura inayofuata inamkuta akilipa.

3. Mlezi wa kutwa

Trudy ni mlezi wa kutwa: mama mweupe mwenye watoto wake, anayepokea watoto wa wengine asubuhi na kuwarudisha jioni. Sheria ya kudhibiti walezi wa aina hii ilikuwapo Uingereza tangu mwaka 1948, na Trudy ameorodheshwa na kukubaliwa na halmashauri. Kwa Adah, aliyelelewa kuamini kwamba kilichoandikwa na wazungu ni kweli, idhini hiyo inatosha. Siku anayofika bila taarifa anamkuta Vicky akitoa takataka kwenye pipa uani, na Titi akinawa kwa maji yanayovuja kutoka chooni.

Tukio hili limezoeleka kusomwa kama pigo kwa imani ya Adah juu ya weupe, na usomaji huo ni sahihi. Mzungu anaweza kuwa mchafu na mwongo, na Adah anashangaa kama mtu aliyeambiwa maji hupanda mlima. Hata hivyo, msomaji makini atauliza pia kuhusu Trudy mwenyewe. Ni mwanamke maskini katika mtaa maskini, anayeuza kitu pekee anachoweza kuuza bila kuondoka nyumbani. Riwaya inamchora kwa rangi chache tu: mwili wake, nywele zake, ulegevu wa nyumba yake. Emecheta, ambaye baadaye alisomea sosholojia, alikuwa na macho ya kuiona hali hii, na katika In the Ditch anawachora kina mama weupe maskini kwa huruma na ucheshi. Hapa anamwacha Trudy kuwa mhalifu tu. Hasira ya mama imeitawala kalamu, na ingawa hasira hiyo ni halali, imemnyima msomaji nafasi ya kuona kwamba wanawake wawili walio pande mbili za mlango ule wamebanwa na upungufu mmoja wa jiji, yaani uhaba wa mahali salama pa kuwaacha watoto wa wafanyakazi.

Katika sehemu hiihii ya riwaya kuna tukio dogo ambalo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ndilo kilele chake cha kweli. Titi, aliyekuwa mtoto msemaji Lagos, amenyamaza. Mama yake anadhani ni uchovu au ni tatizo la akili. Ukweli unatoka pale rafiki wa familia anapomsemesha kwa Kiyoruba, naye mtoto anamwomba asimsemeshe, kwa sababu baba yake atamchapa kwa mkanda akiongea lugha hiyo, na Kiingereza hakijui vya kutosha. Mtoto huyo amekatazwa lugha moja kabla hajapewa nyingine, naye amehesabu kwa usahihi kwamba kilicho salama ni kimya.

Wahakiki wanaoligusa tukio hili huwa tayari kusema kwamba Titi amenyang’anywa lugha ya mama. Usemi huo unapita kando ya jambo lenyewe. Mama wa Titi ni Mwibo, na baba pia. Kiyoruba si lugha ya ukoo wao, ni lugha ya mtaa wa Lagos, ya watumishi, wachuuzi na watoto wa jirani. Alichonyang’anywa Titi ni lugha ya mji, na mji ndio uliokuwa kwao. Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kuliona hili haraka. Mtoto wa wazazi wa Kichaga au Kihaya aliyezaliwa Dar es Salaam hazungumzi Kiswahili kama urithi wa mababu. Anakizungumza kwa sababu ndicho kinachozungumzwa uwanjani na dukani. Akihamishwa, kinachokatika si uhusiano wake na asili ya mbali, ni uhusiano wake na watu aliokuwa akicheza nao mwezi uliopita. Nadharia za uhamiaji zinazopima hasara kwa kipimo cha asili na mizizi hazina kipimo cha hasara hii, kwa sababu mtoto wa miaka michache hana asili ya kuikumbuka. Ana wenzake tu.

Jambo jingine linafuata. Francis hamkatazi binti yake Kiyoruba kwa chuki. Anafanya hivyo kwa nia ya kumtayarisha kwa maisha mapya, na kwa mantiki yake ni baba anayewajibika. Ukatili wake wa kwanza London unatendeka kwa jina la kuzoea. Riwaya ingeweza kukaa hapo kwa kurasa nyingi. Badala yake inaugua Vicky.

4. Cha bure

Vicky anapatwa na homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na virusi, na Adah hana shaka ilikotoka. Mtoto anapelekwa Royal Free Hospital. Katikati ya hofu ya mwanawe kufa, Adah anasumbuliwa na jina la hospitali: kwa nini iitwe ya bure? Je, ni hospitali ya watu wa daraja la pili, ambako dawa zenyewe ni za daraja la pili?

Ni wasiwasi unaochekesha, na Emecheta anajua kwamba unachekesha, lakini una mantiki ndani yake. Neno la Kiswahili “bure” linausaidia kueleweka kwa namna ambayo Kiingereza hakiwezi, kwani lina maana ya kisicholipiwa na pia cha kisicho na faida. Adah anatoka katika jamii ambayo huduma nzuri ni ya anayelipa au ya aliye na ndugu ndani ya ofisi. Huduma ya taifa ya afya ya Uingereza, iliyoanzishwa Julai 1948, inamtaka aamini jambo geni kabisa: kwamba mtu asiyemjua atamtibu mwanawe usiku kucha bila kudai fedha wala fadhila. Vicky anapona. Baada ya mapambano na Trudy na malalamiko kwa ofisa wa ustawi wa watoto, nafasi zinapatikana katika kituo cha kulelea watoto wadogo.

Hapa mpangilio wa riwaya unageuka. Katika miezi michache Adah amejaribu mume, mlezi wa kulipwa na hospitali, na kituo cha umma ndicho kilichofanya kazi iliyokuwa ya mama mkwe. Uhuru wake wote wa baadaye, pamoja na kazi, maandishi na hatimaye kuondoka kwake, unasimama juu ya kituo hicho. Hautokani na moyo wake wa ujasiri peke yake, kama usomaji wa kishujaa unavyopenda kudai. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Adah alilitaka jembe tangu siku ya kwanza. Hakuwa na mahali pa kumweka mtoto wakati analima.

Mpangilio huo una bei yake. Majirani wa Ashdown Street, ambao watoto wao wako mbali, wanamwona Adah akifanya kazi ya maktaba wanayoiona ni ya wazungu, huku watoto wake wakiwa naye. Wivu huo unageuka kuwa notisi ya kuhama.

5. Nyumba na wodi

Sura inayohusu utafutaji wa nyumba imenukuliwa na kufundishwa sana, na haihitaji kurudiwa kwa urefu. Matangazo ya vyumba yanawaomba radhi watu weusi kwamba hawatakiwi. Adah anapiga simu huku amebana pua ili sauti yake isimsaliti, na anachagua kwenda kukiona chumba giza likiwa limeingia, mpaka mwanga unapomfikia mwenye nyumba na uso wa yule mama unasema yaliyobaki. Matangazo hayo hayakuvunja sheria yoyote wakati huo. Sheria ya mwaka 1965 dhidi ya ubaguzi haikugusa nyumba, na ile iliyozigusa ilipitishwa mwaka 1968. Kinachopaswa kuongezwa ni kwamba familia hii haitafuti chumba kwa sababu ya wazungu. Inatafuta chumba kwa sababu Waafrika wenzao wamechoka na watoto wake. Rangi inawafungia milango ya mbele baada ya watoto kuwafungia mlango wa nyuma, na usomaji unaoitaja rangi peke yake unalipoteza nusu la tukio.

Nyumba wanayoipata ni ya Pa Noble, mzee wa Kinigeria aliyeoa mzungu na kuishia kuwa kichekesho cha mtaa. Ni mhusika aliyechorwa vizuri, lakini katika hoja hii hana mengi ya kuchangia isipokuwa kumwonesha Francis sura ya uzee wake mwenyewe.

Wodi ya wazazi ina mengi zaidi. Adah anajifungua Bubu kwa upasuaji katika University College Hospital na kubaki kitandani kwa siku nyingi akiwatazama wanawake wengine. Waume zao wanakuja na maua na zawadi. Wana nguo za kulalia za kwao wenyewe. Yeye ana gauni la hospitali. Anagundua kwamba kuna kanuni ambazo kila mtu anazijua na hakuna aliyemwambia. Emecheta anaimudu sura hii kwa ustadi mkubwa kwa kuwa anaacha hoja na kushika vitu: gauni, maua, kadi. Hadi hapo Adah alidhani kuzoea jiji ni kupata kazi, chumba na kituo cha watoto. Wodi inamfundisha kwamba kuna kuzoea kwa aina nyingine, kunakohusu namna mume anavyotarajiwa kumtazama mke mbele za watu. Na kipimo hicho kipya ndicho anachokigeuza na kumpimia Francis. Ndoa hii haikuvunjwa na kipigo cha kwanza. Ilianza kuvunjika siku Adah alipolala kati ya ndoa nyingine na kuzilinganisha.

Mtu anaweza kupinga kwamba ulinganifu huo ni wa juujuu, kwamba maua ya saa ya kutembelea wagonjwa hayathibitishi ndoa njema nyumbani. Ni kweli, na riwaya haiulizi. Inawaamini wanawake wa wodini kama Adah alivyowaamini wazungu wote kabla ya Trudy.

6. Kimya cha watoto

Tumesema kwamba watoto wanaliibua swali la riwaya. Sasa tutazame wanavyosimuliwa. Usimulizi ni wa nafsi ya tatu ulioshikamana na fikra za Adah karibu kila ukurasa. Tunajua anachokiogopa, anachokikejeli, anachomwambia Mungu wake. Watoto tunawajua kwa miili yao: wanaugua, wanapona, wananyonya, wanalala, wanahesabiwa. Titi anatamka ile sentensi ya Kiyoruba kisha anarudi katika kundi. Je, alianza kuongea tena lini, na kwa lugha gani? Alimwonaje baba yake aliyemkataza? Vicky alirudi hospitalini akiwa na kumbukumbu gani? Dada, binti anayezaliwa baadaye, ni jina na umri tu.

Utetezi wa mbinu hii upo. Mama mwenye watoto wanne katika chumba kimoja hana nafasi ya kuwasikiliza mmoja mmoja, na usimulizi unaofuata fikra zake unapaswa kuubeba upungufu huo. Utetezi huu unakubalika kwa kiasi fulani. Lakini riwaya yenyewe imethibitisha, katika tukio la Titi, kwamba inaweza kumfikia mtoto na kupata humo kitu ambacho Adah hakukijua. Iliweza mara moja, ikaacha.

Ulinganisho na The Last Gift ya Abdulrazak Gurnah (2011) unasaidia kuuona upungufu huo. Familia ya Abbas na Maryam inaishi Norwich, na baba, aliyetoka Zanzibar, amekaa kimya kuhusu alikotoka kwa miongo mingi. Watoto wao, Hanna na Jamal, tunawakuta wakiwa watu wazima, naye Hanna amejipa jina la Anna. Gurnah anaanzia pale Emecheta anapoishia: anauliza mtoto aliyekulia katika ugeni wa wazazi wake anabaki na nini. Katika riwaya yake kimya ni cha wazazi na maswali ni ya watoto. Katika riwaya ya Emecheta wazazi ndio wanaosema, tena kwa sauti kubwa, na kimya ni cha watoto. Hanna anaweza kusomwa kama Titi aliyekua na hatimaye akapewa kurasa zake, ingawa waandishi hawa wawili wanatoka pande mbili za bara na hawakusudii mazungumzo hayo. Tofauti kati yao si ya kipaji. Gurnah anaandika kuhusu familia iliyokwisha kukaa. Emecheta anaandika kuhusu familia ambayo bado inaulizana kesho asubuhi mtoto atapelekwa wapi.

7. “Wanangu”

Mahakamani, Francis anakana ndoa. Amekwisha kuchoma vyeti, na bila karatasi hakuna ushahidi kwamba Adah aliwahi kuwa mkewe. Kuhusu watoto, hana kipingamizi wakitolewa kwa watu wengine wawalee kama wao. Kwa hiyo jibu la majirani wa Ashdown Street, lile ambalo Adah alilidharau, linarudi katika umbo lake la mwisho kabisa, safari hii likiwa la kisheria na la kudumu. Adah anajibu kwamba watoto ni wake, na kwamba hilo linamtosha.

Wengi wanalisoma jibu hilo kama ushindi, na si vigumu kuona kwa nini. Lakini likiwekwa katika mfululizo wa kivumishi tulichokifuatilia, lina uchungu ambao neno ushindi haliubebi. Kwa kusema “wanangu”, Adah anaukubali mgao ambao Francis aliutangaza chumbani tangu mwanzo. Alichokuwa akikikataa kama tusi anakipokea sasa kama haki, kwa kuwa hakuna mtu mwingine mahakamani anayekitaka. Mwanamke aliyetoka katika nyumba ambamo mtoto ni wa wote ameishia katika jiji ambalo mtoto anaweza kuwa wa mtu mmoja tu, na jiji hilohilo ndilo lililompa hospitali na kituo vya kumwezesha kuwa huyo mtu mmoja. Riwaya haichagui kati ya mambo haya mawili, na katika hilo ina busara kuliko wahakiki wake wengi, wanaotaka London iwe ama gereza ama ukombozi.

Ukurasa wa mwisho unamkutanisha Adah na mtu aliyemfahamu tangu utoto wao Nigeria. Wanazungumza, na yule bwana anamlipia teksi ya kumrudisha nyumbani kutoka Camden Town, akidhani bado yuko na mumewe. Wasomaji wamejiuliza kwa nini riwaya yenye makelele mengi inaishia kwa nauli. Teksi hiyo ni fadhila ya kwanza ya kikwetu ambayo Adah anaipata London bila kuidai wala kuilipia, na anaipata kwa sababu aliyeitoa hajui ukweli. Alimlipia mke wa mtu. Adah haitengui dhana hiyo. Anaingia garini na kwenda mahali watoto walipo.